Ushauri Nasaha kwa Vijana: Wapi pa Kuanzia na la Kusema Ukifika

Kijana akiwa shule ya upili huwa na mwalimu wa ushauri nasaha, hata kama mwalimu huyo anafundisha pia Kemia na kusimamia bweni. Akimaliza Kidato cha Nne, mlango huo unafungwa. Kati ya miaka 18 na 30, wakati mtu anatafuta kazi, karo, kitambulisho, mchumba na pa kuishi, yote kwa pamoja, hakuna ofisi inayomwita na kumuuliza analala vipi usiku. Somo la toleo hili ni la kijana huyo, na la mzazi au ndugu anayemwona akibadilika na hajui aanzie wapi.

Kuna jambo moja linalowapotezea wengi muda. Ukitembea Garissa mjini kutoka Soko Mugdi hadi daraja la Tana ukitafuta bango lililoandikwa "Ushauri Nasaha kwa Vijana, Bure", utachoka bure. Huduma ipo, lakini imekaa ndani ya milango yenye majina mengine: chumba cha wagonjwa wa nje, chumba cha kupima virusi vya HIV, kliniki ya mama na mtoto, ofisi ya mkuu wa wanafunzi, namba ya simu yenye tarakimu nne. Anayeipata ni yule anayejua abishe wapi na aseme nini akifunguliwa.

Si waalli

Tatizo la kwanza ni jina. Ukitaja "afya ya akili" katika nyumba nyingi za hapa kwetu, neno linalosikika ni waalli, yaani kichaa. Na nani anataka kuonekana kwenye foleni ya waalli, hasa msichana anayesubiri posa?

Lakini Kisomali hakina neno moja tu. Kuna murug, huzuni inayomlemea mtu. Kuna welwel, wasiwasi usiotulia. Na kuna buufis, neno lililokomaa katika kambi za Dadaab, la mtu ambaye mawazo ya kusafirishwa ng'ambo yamemkaa kichwani mpaka maisha ya hapa yamesimama. Watafiti waliokaa kambini wameliandika katika vitabu, kwa sababu walikuta watu wanalitumia kila siku. Jamii yenye maneno yote hayo inajua vizuri kwamba mtu anaweza kuumia moyoni bila kuwa kichaa. Kinachokosekana ni mazoea ya kupeleka maumivu hayo kituo cha afya.

Ushauri nasaha ni mazungumzo ya faragha na mtu aliyefunzwa kusikiliza na kukusaidia upange mambo yako. Si mahubiri, wala si kuandikiwa vidonge. Vidonge, vikihitajika, huandikwa na daktari au mhudumu mwingine wa afya mwenye idhini. Mshauri hakuchagulii mume wala hakuamulii kama uache chuo. Kazi yake ni kukufikisha mahali ambapo unaweza kuamua mwenyewe ukiwa umelala usingizi wa kutosha.

Lini uende? Kipimo kinachotumiwa na wahudumu ni rahisi: wiki mbili. Ikiwa kwa wiki mbili, siku nyingi kuliko chache, hulali au unalala mno, chakula hakina ladha, mambo uliyoyapenda hayakuvutii, unakasirika kwa dogo, au unajiona huna maana, usingoje mwezi uishe. Kwa vijana wa kiume dalili hujificha. Anayetafuna miraa au muguka tangu alasiri hadi alfajiri akisema anapitisha muda, mara nyingi anachopitisha ni usiku asioweza kuulala. Kwenye fadhi ku dirir watabishana kuhusu ligi ya Uingereza na siasa za ukoo hadi saa sita, na wa pembeni kabisa, aliyenyamaza wiki nzima, hakuna atakayemuuliza.

Ukubwa wa jambo hili si siri tena. Mwaka 2020 jopokazi la taifa kuhusu afya ya akili, likiongozwa na Dkt. Frank Njenga, liliipendekezea serikali itangaze afya ya akili kuwa janga la dharura la kitaifa. Miaka miwili baadaye, Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho, na serikali za kaunti zikapewa jukumu la kutoa huduma hizi katika vituo vyake. Kwa hiyo ukiingia zahanati kuomba ushauri, huombi fadhila.

Kilichotokea Aprili 2015

Garissa ina sababu yake ya kulijua somo hili. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Walionusurika walisafirishwa hadi uwanja wa Nyayo, Nairobi, kukutana na jamaa zao. Pale uwanjani, na katika chumba cha kuhifadhi maiti cha Chiromo ambako wazazi walikwenda kutambua watoto wao, washauri wa Shirika la Msalaba Mwekundu walikaa na familia siku baada ya siku. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016.

Hakuna aliyewaita wanafunzi wale wendawazimu kwa kukaa na mshauri. Kila mtu alielewa. Lakini msiba ule ulikuwa na watu wengine pia: waliobeba majeruhi, wauguzi waliofanya kazi bila kupumzika, majirani waliosikia risasi tangu alfajiri, vijana wa mjini waliokuwa na marafiki ndani. Wengi wao walirudi kazini wiki iliyofuata na hawakuongea na yeyote. Kabla yao kuna wazee waliopitia Bulla Kartasi mwaka 1980 na Wagalla mwaka 1984, ambao walisubiri miongo kadhaa kabla ya tume kuja kuwauliza walichokiona. Na si lazima pawe na risasi. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulimaliza mifugo ya familia nyingi, kisha mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024 yakachukua nyumba za waliobaki. Kijana aliyeona ng'ombe wote wa baba yake wakifa mmoja mmoja amepata msiba, ingawa hapakuwa na tanga.

Milango iliyopo

Mlango wa karibu zaidi ni zahanati au kituo cha afya cha eneo lako. Pengine hapana mshauri nasaha wa kudumu, lakini pana muuguzi au mganga anayeweza kukusikiliza, kupima kama unahitaji zaidi, na kukuandikia barua ya rufaa. Barua hiyo ina thamani: inakupeleka hospitali kubwa ukiwa na maelezo, badala ya kuanza upya kwa mtu usiyemjua. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba na begi lake anaweza pia kukuonyesha njia.

Katika hospitali, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti hapa Garissa, anzia idara ya wagonjwa wa nje na uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Ukiona haya kutaja hilo dirishani, kuna njia ya pembeni. Chumba cha upimaji wa HIV kina watu waliofunzwa ushauri nasaha, hawatozi pesa katika vituo vya umma, na wamezoea kutunza siri. Hata kama tatizo lako si hilo, wanaweza kukuelekeza kimyakimya. Mama aliyejifungua karibuni na anayelia bila sababu aseme hivyo hivyo kwenye kliniki ya mtoto. Huzuni baada ya kujifungua inajulikana na inatibika.

Aliyebakwa aende hospitali mara moja na kabla ya saa 72 kuisha, kwa sababu dawa za kuzuia HIV hazifanyi kazi baada ya muda huo. Ushauri nasaha ni sehemu ya matibabu hayo. Akichelewa, bado aende. Namba ya 1195 inapokea simu za ukatili wa kijinsia usiku na mchana, bila malipo.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa, wa KMTC na wa North Eastern National Polytechnic waanzie ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Huduma za wanafunzi zinatokana na karo mliyokwisha kulipa, na inasikitisha kwamba wengi hugundua hivyo wakati wa kumaliza chuo.

Walioko Dadaab wana milango mingine. Kwa miaka mingi mashirika yanayoendesha hospitali za kambini, kama MSF kule Dagahaley na IRC kule Hagadera, yameweka afya ya akili ndani ya huduma zao, na wenyeji wa vijiji jirani wamekuwa wakihudumiwa pia. Bajeti za misaada hupanda na kushuka, kwa hiyo uliza kwenye hospitali ya kambi ni siku gani mshauri yupo kabla ya kulipa nauli.

Kisha kuna simu. Namba ya 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni ya bure na ina washauri. 1190 ni laini ya vijana ya LVCT Health. 1192 ni ya NACADA, kwa anayetaka kuacha pombe, muguka au dawa za kulevya, na mzazi anaweza kuipiga pia kuuliza la kufanya. Aliye chini ya miaka 18 apige 116. Befrienders Kenya, 0722 178 177, husikiliza watu wanaofikiria kujitoa uhai. Hiyo ni namba ya kawaida ya simu, kwa hiyo weka salio.

Msikiti nao ni mlango. Imamu mwenye hekima atamsikiliza kijana, atamwombea, na atamkumbusha kwamba dini imehimiza kutafuta tiba. Ruqya na kliniki vinaweza kwenda pamoja. Kisichokubalika ni mahali ambapo mgonjwa anafungwa minyororo, anapigwa, ananyimwa chakula au anaambiwa atupe dawa za hospitali. Hayo ni mateso, na sheria inayakataza.

Sentensi moja ya kubeba

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tutakaa kidogo. Kijana anapanga foleni asubuhi nzima, anafika mbele ya mhudumu, anaulizwa, "Unaumwa nini?" Anajibu, "Kichwa." Anapewa dawa ya maumivu, anarudi nyumbani. Mhudumu hakukosea: alitibu alichoambiwa. Mwezi unaofuata ni kichwa tena, kisha tumbo, kisha mgongo.

Kabla ya kutoka nyumbani, tunga sentensi moja yenye vitu vitatu: kinachokusumbua, tangu lini, na unachoomba. Kwa mfano: "Daktari, sijalala vizuri tangu mwezi uliopita, nalia bila sababu, na ningependa kuongea na mshauri nasaha." Au: "Tangu mifugo yetu ife sitaki kuonana na watu. Nielekeze kwa mtu wa afya ya akili." Iandike kwenye simu yako. Ukishindwa kuitamka, mpe mhudumu asome. Usiwe na haya kufanya hivyo, kwa sababu yeye anaona mambo magumu zaidi kila siku.

Akikujibu kwamba hapa hakuna mshauri, usiondoke bado. Muulize maswali mawili: "Aliye karibu yuko wapi, na siku gani?" na "Unaweza kuniandikia rufaa?" Mtu akishaandika jina lako kwenye karatasi ya rufaa, safari imeanza.

Siri katika mji ambao watu wanajuana

Garissa ni mji ambapo karani wa dirishani anaweza kuwa binamu wa mama yako. Hofu ya siri kutoka si ya kipuuzi, na hatutakwambia uipuuze. Jua haki yako: mhudumu wa afya haruhusiwi kusimulia habari zako kwa mzazi, mume, chifu wala mzee wa ukoo bila ridhaa yako ukiwa mtu mzima, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazitambua habari za afya kuwa nyeti. Siri ina mipaka michache, hasa pale maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, au mahakama ikiamuru. Mwombe mshauri akueleze mipaka hiyo kwenye kikao cha kwanza.

Zaidi ya sheria kuna mbinu. Dirishani huhitaji kueleza lolote, sema tu unataka kumwona mganga. Unaweza kwenda kituo cha mtaa mwingine: wa Iftin anaweza kutibiwa mbali na Iftin. Msichana anaweza kuomba mhudumu wa kike. Na kama mhudumu hajui Kisomali nawe Kiswahili chako hakitoshi kusema ya moyoni, usikubali mkalimani awe jamaa yako au kijana wa usafi aliyepita mlangoni. Omba mhudumu mwingine wa afya atafsiri, au tumia simu na uulize kama yupo mshauri anayeongea lugha yako.

Pesa

Bure si bure kabisa kama unalipa bodaboda kwenda na kurudi. Kwa hiyo hesabu mapema. Ushauri wa kawaida si wa mara moja, wala si wa milele. Shirika la Afya Duniani lina mpango mfupi wa ushauri wenye vikao vitano, uliojaribiwa Nairobi na wahudumu wa jamii waliofunzwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017: wanawake waliopitia vikao hivyo walipata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Weka akiba ya nauli ya safari tano. Kama haitoshi, omba vikao vya katikati vifanyike kwa simu.

Jisajili na SHA kwa *147# ukiwa mzima, usingoje kuumwa. Kwa aliyesajiliwa, huduma za zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi. Kwa hospitali za juu, mchango wako unapaswa kuwa umelipwa: asilimia 2.75 ya mshahara kwa mwajiriwa, na kwa asiyeajiriwa kiasi kinachopimwa kulingana na uwezo, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Uliza kwenye dawati la SHA hospitalini ni huduma gani za afya ya akili zinalipiwa.

Usajili unadai kitambulisho, na tunajua hilo limewatesa vijana wa Kaskazini Mashariki kuliko wengine nchini. Ukaguzi wa ziada uliokuwa ukifanyiwa vijana wa huku uliondolewa kwa agizo la Rais mnamo Februari 2025, kwa hiyo rudi ofisi ya usajili kama uliwahi kukata tamaa. Wakati huo huo, simu za bure hazihitaji kitambulisho, na Ibara ya 43 ya Katiba inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Ukichagua mshauri wa binafsi, uliza bei kabla ya kuketi. Wapo wanaopunguza kwa wanafunzi na wasio na kazi, lakini hawatasema usipouliza. Uliza pia kama amesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014. Mwenye usajili hatakasirika kuulizwa.

Ikiwa ni dharura

Mtu akisema anataka kufa, mwamini. Muulize waziwazi kama anafikiria kujitoa uhai, kwani swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake, ondoa karibu yake vitu vya kumdhuru, piga 1199 na mpeleke idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, hata usiku.

Familia nyingi zilikuwa zikificha kwa kuogopa polisi, kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 9, 2025, Mahakama Kuu chini ya Jaji Lawrence Mugambi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mpeleke hospitali, aibu na polisi visikuzuie.

Ukirudi mara ya pili

Kikao cha kwanza mara nyingi huwa kigumu, na wengine hutoka wakijisikia vibaya kuliko walivyoingia, kwa kuwa wamefungua kilichofungwa muda mrefu. Rudi mara ya pili kabla ya kuamua. Ikiwa baada ya kikao cha pili bado humwamini mshauri, una haki ya kuomba mwingine bila kutoa sababu. Akikuhubiria, akikucheka, akikutaka kimapenzi au akikudai pesa katika kituo cha umma kwa huduma isiyolipiwa, ripoti kwa msimamizi wa kituo au ofisi ya afya ya kaunti ndogo yako.

Walioko Hulugho, Liboi na vijiji ambavyo mtandao huja na kuondoka, chagueni saa ambayo simu hushika na mahali ambapo hamtasikika, hata kama ni chini ya mti nje ya boma. 1199 hupigwa hata kama simu haina salio. Laini ikikatika katikati ya mazungumzo, piga tena na useme ulikuwa unaongea na nani.